Shoto anatafuta bunduki yake ya kwanza ya nusu otomatiki

Shoto wa Donholm

Hamjambo wadau. Naomba ushauri wa watu ambao wameshazishika hizi bunduki na kuzifyatua.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Donholm, na kazi yangu ni kuandika hesabu za kampuni moja kule eneo la viwanda. Nilianza kulenga shabaha kama mgeni wa mwanachama, mchezo ukaniingia, nami nikajiunga. Mafunzo ya usalama nimemaliza, uhakiki nimepita, na kasha la chuma limeshafungwa ukutani chumbani, ufunguo ninao mimi peke yangu. Kilichobaki ni kuamua bunduki ipi niiombee kibali. Nataka ya risasi ndogo ya .22, nusu otomatiki (inayojipakia yenyewe kila baada ya kufyatua), ya shabaha za karatasi na za chuma kati ya mita 25 na 50. Tafadhali msinielekeze kwenye uwindaji, maana Kenya uliharamishwa tangu 1977, na wala sitafuti silaha ya kulinda nyumba. Nataka mchezo.

Jambo lenyewe ni kwamba mimi ni shoto. Shoto wa kila kitu: kalamu, kisu, mwiko, hata kutupa jiwe. Bunduki ya klabu tunayofunzwa nayo ni ya kukoki kwa mkono kila risasi, na bolti yake, kile chuma kinachoingiza risasi na kuifunga ndani, iko upande wa kulia. Aliye wa mkono wa kulia anainua bolti, anavuta, anasukuma, huku shavu likibaki palepale kwenye kitako. Mimi ama niutoe mkono wa kushoto kwenye kifyatulio na kuupitisha juu ya darubini hadi upande wa pili, ama niachie mkono wa kulia unaobeba bunduki, na mtutu unainama. Kwa vyovyote shavu linabanduka. Nikirudi, darubini ina kivuli cheusi pembeni na nimeipoteza shabaha. Ndiyo maana nataka inayojipakia yenyewe.

Wikendi iliyopita mwanachama mmoja aliniachia nijaribu Ruger 10/22 yake, nusu otomatiki ya .22. Nilifurahi kupita kiasi. Shavu halikutoka kitakoni tangu risasi ya kwanza hadi magazini ilipokwisha. Lakini maganda ya risasi yanatokea kulia, na kwa mtu anayeweka bunduki bega la kushoto, kulia ndiko uso uliko. Niliyaona yakipita mbele ya macho yangu. Moja liliingia kwenye mkunjo wa kiwiko cha mkono wa kulia, lina moto. Nilipovua miwani nikakuta vumbi jeusi limetapakaa kwenye kioo cha kulia.

Swali langu: je, hili ni jambo la kuzoea, au ni hatari ya kweli? Nichukue 10/22 ya kawaida ambayo mafundi wengi hapa Nairobi wanaijua, au nivumilie nitafute iliyotengenezwa kwa ajili ya mashoto? Na kabla hamjauliza: sihamii mkono wa kulia. Nyanya yangu aliupiga sana huu mkono wa kushoto mezani, na bado uko.

---

Mkufunzi wa Ruaka

Karibu sana dada, na hongera kwa kuanza na kasha kabla ya bunduki. Wengi hufanya kinyume.

Nitaanza na jicho, kwa sababu bega hufuata jicho, halafu mkono hufuata bega. Unasema wewe ni shoto wa kila kitu, lakini je, umepima jicho lako? Nyoosha mikono yote miwili mbele, kutanisha viganja ubakishe tundu dogo katikati ya vidole gumba, kisha tazama kupitia hapo kitu cha mbali, tuseme taa ya barabarani. Macho yote mawili wazi. Sasa rudisha mikono polepole mpaka usoni bila kuipoteza ile taa. Tundu litaishia kwenye jicho linaloongoza. Wako mashoto ambao jicho linaloongoza ni la kulia, na wako wa mkono wa kulia ambao jicho lao ni la kushoto. Nimewafunza wa aina zote mbili. Ikiwa jicho lako ni la kushoto, basi umeshamaliza mjadala na yeyote anayekuambia uhame bega.

Sasa maganda. Tutenganishe kinachoudhi na kinachodhuru. Ganda la .22 likikugusa kiwiko linaudhi. Vaa shati la mikono mirefu, funga kola, basi. Kwa kawaida bunduki ikiwa nzima ganda huruka kulia, mbali na mstari wa uso, hata kama kwako linaonekana liko karibu. Kinachotaka heshima ni gesi. Risasi ya .22 ina ukingo mwembamba wa shaba kitakoni mwake, na baruti ya kuwasha iko ndani ya ukingo huo. Mara chache ukingo hupasuka, au risasi huwaka kabla bolti haijafunga sawasawa, kwa mfano chemba, pale risasi inapokaa ikifyatuliwa, ikiwa imejaa masizi. Hapo gesi na vipande vya shaba hutafuta njia ya kutokea, na njia iliyo wazi ni lile dirisha la kulia maganda yanakotokea. Uso wa mtu wa mkono wa kulia umefichwa nyuma ya chuma. Wako hauna kinga ila miwani. Kwa hiyo kwa shoto miwani ya kuzuia vipande, yenye ubavu uliofunika mpaka kwenye kipaji, ni sehemu ya bunduki. Na chemba isafishwe kila baada ya kurusha, usingoje ianze kukwama.

Hilo vumbi jeusi lisikutishe. Risasi za .22 zina nta na masizi mengi, hata kioo changu huchafuka na mimi ni wa kulia. Badilisha aina ya risasi uone tofauti.

Sasa nikupe jambo ambalo mashoto wengi hawaambiwi. Kishikio cha kukokia cha 10/22 kiko kulia. Mimi wa kulia, nikitaka kukoki, lazima niutoe mkono kwenye kifyatulio au nipitishe ule wa kushoto chini ya bunduki. Wewe mkono wako wa kulia uko mbele tayari, hatua moja tu kutoka kishikioni. Unakoki huku mkono wa kushoto umetulia mahali pake. Tena dirisha la chemba liko upande wa macho yako. Ukiambiwa onyesha kuwa bunduki ni tupu, unaiona chemba bila kuigeuza bunduki wala kuusogeza mtutu. Mimi lazima niilaze. Kwa usalama wa uwanjani, hilo si dogo.

Kasoro yako kubwa pale ni sefti. Ni kifungo kinachopita ndani ya uzio wa kifyatulio, na ili kuiruhusu bunduki ifyatue unakisukuma kutoka kulia kwenda kushoto. Kidole changu cha shahada kinakaa kulia, kazi rahisi. Chako kinakaa kushoto, kwa hiyo inabidi ukikunje ukipitishe upande wa pili, karibu kabisa na kifyatulio. Hapo sipapendi. Kuna vifungo vilivyogeuzwa kwa ajili ya mashoto, na fundi mwenye leseni anakibadilisha bila shida. Ukichukua 10/22, fanya hilo kabla ya kurusha risasi ya kwanza.

---

Wakili wa Ngara

Nachangia upande wa sheria kwa ufupi, kwa sababu nimeona watu wakiingia kwenye shida kwa kufuata picha za mtandaoni.

Bibie, unaposema nusu otomatiki mbele ya afisa, taja mara moja kuwa ni ya .22 ya shabaha. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inapiga marufuku bunduki za kivita za nusu otomatiki mikononi mwa raia, na kupatikana na AK-47, G3, MP5 au za aina hiyo kinyume cha sheria ni kosa la kifungo cha maisha. Kwa hiyo hata kati ya zile za .22, mimi ningekaa mbali na zilizoundwa zifanane na bunduki za jeshi. Smith & Wesson wanayo M&P 15-22, ni nyepesi na shoto anaweza kuizoea haraka, lakini hutaki kusimama usiku kwenye kizuizi cha polisi barabara ya Outering ukimweleza askari kwamba kile anachokiona kwenye mkoba ni kifaa cha mchezo.

La pili. Cheti kinataja bunduki mahususi. Usilipe dukani kwanza ndipo uulize. Andikia Bodi ya Leseni za Silaha, taja aina, kalibu (kipimo cha risasi) na matumizi, upate jibu kwenye karatasi. Na baada ya ule uhakiki wa wamiliki wote wa 2019, usimwamini mtu anayekuambia kuna njia ya mkato.

---

Mlenga Mita 50

Naheshimu waliotangulia ila nitasema tofauti. Dada bado ni mgeni kwenye mchezo, hajajenga mazoea. Huu ndio wakati wa kuhamia kulia. Bunduki, vitako, mafunzo, hata meza za uwanjani vimepangwa kwa wa kulia. Atapata vifaa kwa urahisi na kuuza kwa urahisi. Wanajeshi wangapi mashoto wamefunzwa kulenga kulia na wakaweza?

---

Shoto wa Donholm

Mkufunzi, nimepima. Nilisimama kwenye balkoni nikatazama tangi la maji la jengo la pili, na tundu limeishia jicho la kushoto kila nilipojaribu. Nikampima na binti yangu, yeye ni wa mkono wa kulia na jicho lake ni la kushoto! Sasa najua kwa nini alikuwa akifumba jicho kwa shida akicheza manati kule ushago.

Wakili, asante. Hayo ya kutaja kalibu mapema nimeyaandika.

Mlenga Mita 50, nimekusikia kaka, lakini nifikirie. Nikiweka bunduki bega la kulia, jicho linaloona vizuri linabaki nje ya darubini. Nitalifumba, au nilizibe kwa karatasi, ili jicho dhaifu lifanye kazi ya lile lenye nguvu, kwa sababu tu meza ya uwanjani imeelekea upande fulani? Askari hufunzwa hivyo kwa kuwa serikali inanunua bunduki aina moja kwa watu elfu nyingi. Mimi nanunua moja, ya mtu mmoja, kwa pesa zangu. Sioni kwa nini niikate miguu yangu ili itoshe viatu vya mwingine.

---

Mzee Mashoto

Binti yangu, umejibu vyema. Nimelenga kwa bega la kushoto tangu ujana na sijajuta.

Wewe unataka kujua kama iko bunduki ya mashoto kwelikweli. Iko. Kampuni ya Savage wametengeneza Model 64 ya mashoto: bolti kushoto, dirisha kushoto, magazini ya risasi 10. Ganda linakwenda upande usio na uso wako, na gesi vilevile. Ni bunduki ya kawaida tu, haina urembo, lakini inafanya ile kazi unayoihitaji. Ubaya wake ni kwamba hapa kwetu utaitafuta kwa tochi. Wauzaji huagiza kinachotoka haraka, na mashoto ni takriban mtu mmoja kati ya kumi, tena kati ya hao ni wachache wanaolenga. Ukiagiziwa, jiandae kusubiri, na uagize springi ya akiba na magazini ya pili papo hapo, kwa maana kikivunjika kitu utarudi kusubiri upya. Siku ya kuuza utakuwa unamtafuta shoto mwenzako mwenye kibali.

Njia ya tatu ni ile ninayoipenda mimi. John Browning alibuni bunduki ndogo ya .22 ambayo kampuni ya FN ya Ubelgiji ilianza kuiuza 1914, na mpaka leo inajulikana kama Browning SA-22. Maganda yake yanatokea chini, sio kulia wala kushoto. Shoto na wa kulia ni sawasawa mbele yake. Risasi zinakaa ndani ya kitako, kwenye bomba, na bunduki nzima hutenganishwa vipande viwili kwa mkono bila kifaa chochote. Ni nyepesi, mwanamke au kijana anaibeba asubuhi yote bila kuchoka.

Lakini nikuonyeshe na upande wake mwingine. Ukishika kwa mbele, maganda yanadondoka karibu na mkono unaobeba, na ukivaa sweta la mikono mipana yanaingia humo humo. Kaza mkono wa nguo kwa raba. Pia kupakia kwa bomba ni kazi ya polepole: unalivuta, unatumbukiza risasi moja moja kwenye tundu lililo upande wa kulia wa kitako, unalirudisha. Kwa karatasi ni raha. Kwa mashindano ya chuma, ambapo saa inakuhesabu na wenzako wanabadilisha magazini, utaachwa nyuma. Na bei yake ni ya juu kuliko hizo mbili.

Kwa hiyo jiulize, mwanangu, unapenda zaidi karatasi au chuma?

---

Fundi wa Kitako

Mzee amemaliza upande wa mashine, mimi niongeze mbao.

Watu huangalia bolti wakasahau kitako. Vitako vingi vya shabaha vina mto wa shavu uliochongwa upande wa kushoto tu, kwa kuwa shavu la mtu wa kulia linalala hapo. Shavu lako linalala upande wa pili, ambao umeachwa mtupu. Vingine vina uvimbe wa kiganja upande wa kulia wa mshiko, na wewe utakuta vidole vyako vinapambana nao. Vingine vimepindwa kidogo kuelekea kulia ili darubini ije sawa na jicho la kulia, na shoto akikiweka begani anaona darubini imekimbia. Unaponunua, tafuta kitako kilichonyooka ambacho pande zote mbili ni sawa. Kile cha kawaida cha 10/22 hakina mto wa shavu, kwa hiyo hapo uko salama.

Urefu nao upime. Kunja kiwiko pembe mraba, weka nyuma ya kitako kwenye mkunjo wa mkono, kisha nyoosha kidole cha shahada. Ncha yake ifike kwenye kifyatulio bila kujivuta. Bunduki nyingi zimekatwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu. Kwa wanawake wengi ninaowahudumia huwa napunguza kitako au naondoa ile raba ya nyuma. Na pima ukiwa umevaa sweta utakalovaa Julai. Kiambu asubuhi ya Julai yenye manyunyu, watu huja uwanja wa kulenga wa Kirigiti na jaketi mbili, na jaketi mbili zinarefusha kitako kama vile umeongeza ubao.

Usikate wewe mwenyewe nyumbani. Na usinunue chochote ambacho hujakiweka begani, macho umefumba, kisha ukayafungua. Ukiyafungua na kuiona picha nzima ya darubini bila kusogeza shingo, hiyo ni yako.

---

Shoto wa Donholm

Nimesoma yote mara mbili, na nimemsomea mume wangu kwa sauti mpaka akalala.

Jibu la mzee: chuma. Napenda ule mlio wake, na napenda kwamba huhitaji kutembea kwenda kuangalia kama umepata. Kwa hiyo Browning, pamoja na uzuri wake wote, naiacha. Savage ya mashoto ingenifaa kabisa, ila kusubiri bila kujua ni hadi lini, halafu springi moja ikatike nirudi foleni tena, sikuweza kulipatanisha na hali yangu. Nataka kulenga mwaka huu.

Nachukua 10/22 yenye kitako kilichonyooka. Kifungo cha sefti kinageuzwa kabla haijatoka kwa fundi, hilo nimeshalisema dukani na wamekubali. Miwani nimenunua leo mjini, ina ubavu mpana, ilibidi nijaribu kadhaa kwa kuwa nyingi zinaacha mwanya pale juu ya shavu. Barua ya Bodi nimeiandika jioni hii, kalibu na matumizi viko mstari wa kwanza.

Nimebakiza swali dogo kwa Mkufunzi. Kwenye mstari wa kurushia, nikiwa na jirani wa mkono wa kulia aliye upande wangu wa kulia, maganda yangu yanamwendea yeye. Nikae wapi?

---

Mkufunzi wa Ruaka

Maganda ya kila mtu yanamwendea jirani wa kulia, dada, yako hayana tofauti. Tofauti ni kwamba ninyi wawili mtapeana migongo, naye hatakuona. Omba nafasi ya mwisho kabisa upande wa kulia. Hapo maganda yako yanaangukia nyasi, hayamfikii mtu, na mimi nikisimama nyuma yako naiona chemba yako vizuri. Ukifika mapema Jumamosi nitakuwekea. Njoo na kitambaa cha kusafishia chemba na aina mbili tatu za risasi, tuone ipi inakuchafua kidogo.